Naomba ushauri: ovahoo ya injini ya 3L nyumbani, niishie wapi?

Wakuu, habari za kazi. Nina Toyota Hilux ya dizeli, injini ya aina ya 3L, silinda nne. Ilikuwa inatoa moshi wa bluu na kula oili kila wiki, nikaamua kuifanyia ovahoo (kuifungua yote na kuikarabati) mwenyewe hapa nyumbani. Kazi za breki, klachi na mkanda wa taimingi nimezizoea, ila injini sijawahi kuifungua mpaka ndani.

Hadi sasa silinda hedi, sampo (bakuli la oili chini ya injini) na pistoni vimetoka, kila kepu ya beringi nimeiwekea alama. Pampu ya dizeli sijaigusa na sitaigusa, ile inataka mashine ya kupimia.

Nilipokwama ni hapa: juu ya silinda kuna ukingo, ukipitisha ukucha unanasa kabisa, na kranki ina mikwaruzo kwenye majonali mawili (sehemu zinazozunguka ndani ya beringi). Ringi za saizi ya kawaida nimeshanunua. Fundi wa jirani anasema nipige msasa, nipachike, nitembee. Mimi nasita, maana sina kifaa cha kupima upana wa silinda, na hili gari ndilo linalobeba mazao yetu sokoni.

Maswali yangu ni mawili. Kwa ukingo wa namna hiyo, ringi mpya pekee zitashika kweli, au bloku lazima ichongwe na kuwekewa pistoni za ovasaizi (kubwa kuliko za kawaida)? Na bloku na kranki vikirudi kutoka kwa wachongaji, kuunga mwenyewe ni salama, au hapo ndipo nimwachie fundi wa injini?

Picha ninazo, nitaweka mkizihitaji. Natanguliza shukrani.