Mizani iko wapi? Tumechoka na wanaorusha watu banji kwa kukisia uzito

#1
Wakuu, uzi huu nimeufungua kwa hasira na sitaupamba. Kampuni za michezo ya kusisimua zinazidi kuongezeka, karibu zote zinauza banji, yaani kujirusha kutoka jukwaa la juu ukiwa umefungwa kamba ya mpira, na nyingi zinaanza kukosea hata kabla mteja hajapanda jukwaani. Pale mezani anaulizwa, "Una kilo ngapi?" Anataja namba, inaandikwa, anaambiwa asogee. Mizani haipo. Au ipo, imeegemezwa ukutani na vumbi limeilalia.

Watu hudanganya kuhusu uzito wao. Wasiodanganya nao wengi hawajapima siku nyingi. Na hata anayesema kweli amejipima bila viatu, ilhali hapa amevaa jaketi na mikanda juu yake.

Kilo 20 zinafanya nini? Chukua kamba ya mita 20 ikiwa imelegea, iliyopangiwa mtu wa kilo 60 ili ivutike mita 30 zaidi. Huyo anafika mita 50 chini ya jukwaa, kisha anarushwa juu. Sasa mfunge kamba ileile mtu wa kilo 80 aliyesema ana 60. Nishati yote ya kuanguka lazima imezwe na mpira, kwa hiyo kamba inavutika takriban mita 37 badala ya 30, naye anafika mita 57. Mpira halisi haufuati hesabu ya springi ya darasani moja kwa moja, tarakimu za uwanjani zitatofautiana kidogo, ila mwelekeo ni huohuo. Kama aliyepanga aliacha nafasi ya mita 5 juu ya maji au mawe, hiyo nafasi imeliwa na mita 2 zimezidi. Na kinachotangulia ni kichwa!

Mwepesi akifungwa kamba ya mzito naye hayuko salama. Kamba ngumu inamkata mwendo ghafla, mshtuko unaingia mgongoni na shingoni, halafu anarudi juu kupita kiasi, karibu na jukwaa, huku kamba iliyolegea inacheza kando ya shingo yake.

Kazi yenyewe haichukui hata dakika mbili. Mteja apimwe akiwa amevaa vyote atakavyorukia, apimwe tena kwa mizani ya pili na mtu mwingine. Namba iandikwe mgongoni mwa kiganja kwa kalamu ya wino usiofutika kwa jasho. Jukwaani msimamizi aisome kwa sauti, achague kamba ya kundi hilo la uzito, na mwenzake aisome upya kabla ya kufunga chochote. Mizani mbili zikipishana kwa zaidi ya kilo moja au mbili, hakuna kuruka mpaka ijulikane ipi inadanganya. Anayeshindwa hilo asiguse roho za watu.

La pili, vifundo vya miguu. Kuna wanaofunga vifundo peke yake na kuita kazi imekwisha. Mpangilio unaoeleweka ni huu: kitambaa kinene au sponji kwanza, mkanda wa miguu juu yake, kisha mkanda wa kiunoni na mapajani uunganishwe na kamba hiyohiyo kama akiba. Mguu ukichomoka, mwili unabaki umeshikwa. Buti ndefu zivuliwe, maana mkanda uliokaza ngozi ya buti haujakaza mguu.

#2
Mkuu umegusa mizani, mimi naongeza kamba yenyewe. Kamba nyingi za banji ni mamia ya nyuzi za mpira wa lateksi zilizokusanywa pamoja. Mpira huo una maadui wanaojulikana: jua, joto, ozoni iliyomo hewani, mafuta, na kuvutwa mara nyingi bila kupumzishwa. Kamba inayoachwa inaning'inia jukwaani mchana kutwa inazeeka hata siku ambayo hakuna aliyeruka.

Ndiyo maana kila kamba inatakiwa iwe na namba yake na daftari lake: tarehe ilipotengenezwa, kila mruko, uzito wa kila aliyeruka. Ikifikisha idadi iliyowekwa na mtengenezaji inastaafu, hata kama kwa macho bado inang'aa. Omba daftari hilo. Ukiletewa maneno matupu, ondoka.

Na wakati wa kuikagua, usiangalie ukiwa umesimama mbali. Pitisha kiganja taratibu kutoka ncha hadi ncha. Nyuzi zilizokatika utazihisi zimejikunja kama vinyweleo. Mahali palipolainika na kunata, joto au mafuta yamepapitia. Mahali pakavu penye nyufa ndogondogo ukipakunja, hapo jua limekwishakula. Pa kuangalia zaidi ni pale kamba inapokutana na kifungio, kwa sababu msuguano wote unaishia hapo.

Jambo hili lilijulikana kabla ya mpira wa kiwandani. Kisiwani Pentecost, Vanuatu, wanaume huruka kutoka minara ya miti wakiwa wamefungwa mitambaazi ya msituni vifundoni, na msimu wao ni baada ya mvua, mitambaazi ikiwa na maji na inavutika. Mwaka 1974 waliruka nje ya msimu ili Malkia Elizabeth wa Pili aone. Mitambaazi haikuwa na mvutiko wa kutosha, mtu mmoja akaanguka, akafa.

#3
Karabina hamjazitaja, zile pete za chuma zenye mdomo wa kufungua na kufunga zinazounganisha kamba na mikanda. Ubavuni zimeandikwa nguvu zake kwa kilonewtoni, kipimo cha nguvu ya mvuto, na kiwango cha Ulaya cha karabina za kawaida za kupandia miamba kinadai angalau 20 kwa urefu lakini 7 tu zikivutwa kwa upana au mdomo ukiwa wazi. Yaani kifaa kilekile kinapoteza karibu theluthi mbili ya nguvu zake kwa sababu kimegeuka au hakijafungwa. Skrubu inayofunga mdomo ikazwe, kisha mdomo uminywe kwa vidole. Ukifunguka, haujafungwa. Macho hayatoshi.

Halafu lugha. Mwaka 2015 huko Uhispania msichana wa Kiholanzi wa miaka 17 aliruka kutoka darajani kabla kamba haijafungwa kwenye daraja. Mahakama ilieleza kwamba huenda mwongozaji alisema kwa Kiingereza "no jump", yaani usiruke, naye akasikia "now jump", ruka sasa. Sauti moja tu! Neno la kuruka lisitumike kabisa katika amri ya kuzuia. Kuzuia kuwe "simama" au "stop", tena mkono ukiwa umeshika mkanda wa mteja. Na mteja asisogezwe ukingoni mpaka ncha zote mbili za kamba zimekaguliwa, ya mwilini na ya jukwaani. Akiwa hajafungwa, hana sababu ya kuwa ukingoni.

#4
Fomu ya afya nayo inasainiwa bila kusomwa, na wahudumu ndio wanaoharakisha. Presha ya macho, retina (utando wa nyuma ya jicho) iliyowahi kuumia, shinikizo la damu, mgongo, ujauzito: hayo yaulizwe kwa mdomo, moja moja, faragha, kabla ya malipo. Damu hukimbilia kichwani pale chini mwendo unapokatwa, na madaktari wameripoti kuvuja damu ndani ya jicho baada ya banji kwa watu waliokuwa wazima.

#1
Shukrani wakuu. #2, ongeza na hili kwenye daftari: kamba ikistaafu ikatwe vipande vifupi siku hiyohiyo, mbele ya mashahidi wawili, na waliokata wasaini. Kamba nzima iliyowekwa stoo siku moja itakosewa ikapandishwa jukwaani, au itauzwa kwa mtu anayeanza biashara na hana pesa ya mpya. Anayenunua hiyo hajui imerukiwa mara ngapi, na hakuna mizani duniani itakayomwambia.