Tupeane uzoefu: insha ya kujieleza ukiomba BBA (shahada ya uongozi wa biashara), sisi wa Mwanza na kandokando ya ziwa

Mama Kirumba
Habari za jioni wakuu. Binti yangu kamaliza kidato cha sita, ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), matokeo mazuri. Anaomba Business Administration Chuo Kikuu cha Ashesi kule Ghana, na vyuo kadhaa vya Marekani kupitia Common App, ule mfumo wa mtandaoni wa kuomba vyuo vingi kwa fomu moja. Fomu kajaza mwenyewe, kinachomkwamisha ni insha ya kujieleza. Kila akianza ni "Tangu utotoni nilipenda biashara". Leo nimemkuta anafuta tena, nikamkumbuka kaka yake alivyoteseka na jambo hilihili mpaka akaacha kuomba. Mliopita njia hii mliandika nini?

Wa Malimbe
Shikamoo mama. Common App mwisho ni maneno 650, yasipungue 250. Insha hiyo moja inakwenda vyuo vyote alivyochagua, kwa hiyo asitaje chuo chochote ndani yake. Ile ya "kwa nini umetuchagua sisi" vyuo vingi huiuliza pembeni.

Kijana wa Igogo
Mnajitesa bure. Vyuo vyetu vinaangalia ufaulu: masomo mawili ya tahasusi, pointi 4.0, unaomba mtandaoni yameisha. SAUT, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, wana BBA, unapanda daladala ya Nyegezi unafika. Mambo ya kusimulia maisha yako kwa watu usiowajua ya nini?

Wa Malimbe
Mimi nimesoma hapo SAUT na najivunia. Ila mama kauliza insha, hajauliza nauli.

Kijana wa Igogo
Nimetoa ushauri, mkuu. Asiyeutaka aruke.

Dagaa Safi
Mama, mimi nilifuta "tangu utotoni" baada ya mwalimu wangu wa Commerce kuniuliza, "Jana ulikuwa wapi?" Jana yake nilikuwa Mwaloni, soko la samaki, namsaidia bibi kuuza dagaa. Nikaandika hiyo.

Wote hapa mnajua mbalamwezi ikishatoka mitumbwi ya dagaa inapumzika, kwa sababu taa haivuti dagaa ziwa likiwa jeupe. Bei inapanda. Bibi alikuwa hauzi zote wakati wa giza, anaweka magunia yake akisubiri mwezi. Lakini masika ukiweka sana zinapata unyevu, na dagaa iliyonyeshewa inaishia kwa watengeneza chakula cha kuku kwa bei ya kutupa. Sasa uweke ngapi, uuze ngapi? Hilo ndilo nililoandika: bibi akiingiza mkono ndani ya gunia mpaka kwenye kiwiko, anatoa dagaa za chini, anazivunja vichwa, anasikiliza kama zinalia kavu, ndipo anaamua. Mwisho nikasema ninachotaka kwenda kujifunza ni namna ya kufanya uamuzi ule kwa ghala zima. Nilipata.

Mama Kirumba
Hiyo ya kusikiliza vichwa nimeisoma kwa sauti, binti kacheka. Wabeja sana.

Mwana Buhongwa
Wanaoelekea Uingereza, UCAS, wale wanaopokea maombi ya vyuo vya kule, wamebadilisha. Kuanzia wanaoingia 2026 si barua moja ndefu tena, ni maswali 3: kwa nini kozi hii, masomo yako yamekuandaaje, na nje ya darasa umefanya nini kujiandaa. Jumla herufi 4,000 pamoja na nafasi, kila jibu lisipungue 350. Aweke namba. Watu wa biashara wanapenda namba.

Nata Sokoni
Namba zikizidi ni taarifa ya benki hiyo. Aeleze moyo wake.

Busisi Darajani
Nilikuwa nasoma tu kimyakimya ila uzi huu umenigusa pabaya. Ngoja niseme.

Baba alikuwa tajiri mdogo, mtumbwi mmoja wa sangara na mashine ya mkopo. Aliingia ziwani usiku, mtumbwi ukarudi, yeye hakurudi. Kilichobaki nyumbani ni kaunta buku, jalada jeusi, kona nyekundu. Mama hajui kusoma vizuri, kwa hiyo mimi ndiye niliyekuwa nafungua kurasa wenye madeni wanapokuja: mafuta, barafu, nyavu, posho za wavuvi. Nilipoomba BBA na ufadhili nikaandika hilo daftari.

Kompyuta sikuwa nayo. Nikachapa kwenye steshenari moja mjini, kijana wa pale akaisoma akasema "hii kali sana dada". Nikaituma.

Siku ya usaili, kwa video, nimekaa sebuleni kwa shangazi Nyakato. Yule mama wa upande wa pili akaniuliza daftari la baba lilikuwa la rangi gani. Nikamwambia. Akanyamaza, akamtazama mwenzake, kisha akasema wana maombi mengine kutoka Mwanza yenye baba huyohuyo, mtumbwi huohuo, daftari hilohilo, sentensi kwa sentensi.

Jamani. Msiba wa baba yangu umeuzwa pale steshenari kama vocha. Nilitetemeka, Kiingereza chote kikaondoka. Shangazi ndiye aliyeingia chumbani, akatoka na daftari, akanirushia mapajani. Nikalifungua mbele ya kamera. Nikawaonyesha mwandiko wa baba, unapokoma na wangu unapoanza. Wakaniuliza kwa nini deni la barafu nililipa kabla ya lile kubwa la mashine. Nikajibu mwenye barafu nikimkosa, mtumbwi hautoki, na usipotoka hakuna wa kulipwa. Wakaandika kitu. Maswali yakaendelea muda mrefu, yote ya daftari.

Nata Sokoni
Mungu wangu. Pole sana dada.

Dagaa Safi
Nimesimama na simu mkononi. Ulipata???

Busisi Darajani
Nilipata, na ufadhili. Huyo mwingine sijui alikuwa nani.

Kijana wa Igogo
Pole dada. Ila unaona sasa? Mpaka mtu afiwe ndipo wamkubali. Wanapenda tulie.

Wa Malimbe
Igogo, heshima kidogo.

Busisi Darajani
Muache, nimjibu. Kaka, kifo cha baba kilikuwa sentensi moja. Yaliyobaki yote yalikuwa madeni na nilivyoyapanga. Hakuna waliponiuliza nililiaje.

Kijana wa Igogo
Hapo nimekuelewa. Nisamehe dada.

Mwana Buhongwa
Jamani steshenari! Tumia flashi yako, ukimaliza futa faili kwenye kompyuta yao, toa na kwenye kapu la taka, toka kwenye barua pepe. UCAS wana programu inayolinganisha maelezo ya waombaji wote, ikifanana na ya mtu mwingine vyuo vyako vinaambiwa.

Nata Sokoni
Aiandikie kwenye karatasi kwanza, kwa Kiswahili, ndipo aigeuze. Akili mnemba asiiguse kabisa.

Mwana Buhongwa
Aiguse kusahihisha sarufi tu. Kutungiwa hapana.

Dagaa Safi
Mimi nilianza kwa Kiingereza moja kwa moja, ikakaa vizuri. Inategemea mtu.

Mama Kirumba
Nimemsomea yote. Ameuliza, je, kikoba kinafaa? Maana tangu kidato cha tatu yeye ndiye anayetuandikia hesabu Jumamosi: hisa, mikopo, faini za wachelewaji. Aliwahi kumnyima mkopo mama yake mdogo mbele ya watu kwa sababu marejesho ya nyuma hayajakamilika. Nyumbani palichafuka.

Wa Malimbe
Mama! Na bado anahangaika na "tangu utotoni"?

Busisi Darajani
Aandike hiyo. Aeleze alichofikiri kabla ya kusema hapana, na kikoba kilikuwaje baada ya pale. Majina ya wadaiwa asiyataje.

Kijana wa Igogo
Na SAUT aombe pia, dirisha halimsubiri mtu.

Mama Kirumba
Ataomba, mwanangu. Kesho asubuhi namnunulia na flashi.