Mtunzi akishasema wimbo wake unamaanisha nini, shabiki wa roki abaki na tafsiri yake?

Mleta mada

Wanajamvi, ninaleta swali ambalo mashabiki wa muziki wa roki wamelibishania kwa miaka mingi na ambalo mara nyingi huishia kwenye kejeli badala ya hoja. Mtunzi anapojitokeza na kueleza kwamba wimbo wake una maana fulani, je, shabiki aliyeusikiliza muda wote huo akiwa na maana nyingine kichwani anapaswa kuitupa tafsiri yake? Msimamo wangu ni kwamba halazimiki, ila kwa sharti nitakalolieleza, na ninaomba atakayenipinga anipinge kwa mifano.

Ninaanza na wimbo ninaoufahamu kuliko mingine, Comfortably Numb wa Pink Floyd, uliotoka mwaka 1979 katika albamu ya The Wall. Umejengwa kwa sauti mbili. Katika beti, Roger Waters anaimba kama daktari aliyeitwa kumzindua mwanamuziki aliyezubaa muda mfupi kabla ya onyesho. Katika kiitikio, David Gilmour anaimba kama mgonjwa mwenyewe, ambaye hajibu alichoulizwa bali anakumbuka homa ya utotoni, na kitu alichowahi kukiona kwa pembe ya jicho, ambacho alipogeuka kukitazama kilikuwa kimekwisha kutoweka. Anaongeza tu kwamba hawezi kueleza, na kwamba hata angeeleza asingeeleweka. Sasa msikilizeni daktari. Anataka kuonyeshwa panapouma, anachoma sindano, anatahadharisha kwamba huenda mgonjwa akasikia kichefuchefu kidogo, kisha anauliza kama anaweza kusimama, kwa kuwa muda wa kwenda umefika. Hakuna mahali anapouliza mtu huyu amefikaje katika hali hiyo. Mimi huusikia wimbo huu kama wimbo wa kazi: mwili unatibiwa kwa kiasi kile tu kinachotosha kuurudisha kazini, na aliyemo ndani yake anaachwa hapo hapo alipo. Ninaamini hata kwamba lile gitaa refu la mwisho la Gilmour ni maneno ambayo mgonjwa hakupewa nafasi ya kuyatamka, ingawa hapo ninazungumza kama shabiki kuliko kama mhakiki.

Waters ameeleza beti hizo zilitoka wapi. Katika ziara ya mwaka 1977, mjini Philadelphia, alichomwa sindano ya kumtuliza kwa sababu ya maumivu ya tumbo, akapanda jukwaani na kupiga muziki akiwa nusu ganzi. Sina sababu ya kulitilia shaka hilo. Lakini tumbo la Waters halimo katika wimbo, wala Philadelphia haimo. Alichotupa ni asili ya wimbo, na asili si maana. Ndivyo ilivyo pia kwa Lucy in the Sky with Diamonds wa The Beatles, wa mwaka 1967, ambao John Lennon alisisitiza kwamba ulitokana na mchoro wa mwanawe Julian na haukuwa fumbo la dawa za kulevya. Ninamsadiki Lennon kuhusu mchoro, na bado habari za mchoro hazinisaidii kuelewa kwa nini wimbo mzima unakwenda kwa mantiki ya ndoto. Kuna hata watunzi wasiodai kujua. Phil Collins ameeleza kwamba sehemu kubwa ya maneno ya In the Air Tonight, wa mwaka 1981, aliyabuni papo hapo wakati wa kurekodi, akiwa na uchungu wa ndoa iliyovunjika, na kwamba yeye mwenyewe hajui kwa hakika unahusu nini. Ikiwa mtunzi ndiye hakimu wa mwisho, kesi hiyo ataiamua nani?

Wimbo huohuo wa Collins ndio unaonipa sharti langu. Kwa miaka mingi umevumishwa kisa kwamba Collins alimshuhudia mtu akimwacha mwenzake azame majini, kisha akamwimbia mkosaji huyo uso kwa uso ukumbini. Collins amekikana, lakini hata asingekikana, kisa hicho kingeanguka chenyewe, kwa sababu ubeti haudai kwamba mtu alizama. Anayeimba anasema kwamba lau mwenzake angemwambia anazama, asingempa mkono. Shabiki amechukua sharti akaligeuza tukio. Tafsiri ninayoitetea mimi ni ile inayobebwa na maneno yote ya wimbo, si mstari mmoja uliopendeza masikioni, na ambayo mwenye nayo hamsingizii mtunzi kwamba ndivyo alivyokusudia. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza

Ndugu mleta mada, hoja yako imepangika, lakini umejichagulia wimbo unaokubeba. Tuangalie ule usiokubeba. Born in the U.S.A. wa Bruce Springsteen, wa mwaka 1984, unasimulia habari za mtu aliyezaliwa katika mji uliokufa, akapata matatizo na sheria, akapewa bunduki na kupelekwa Vietnam, akarudi na kukosa kazi kiwandani, na miaka kumi baadaye hana pa kwenda. Ndugu yake aliyepigana Khe Sanh, huko Vietnam, hayupo tena. Mwezi Septemba mwaka huohuo, Rais Ronald Reagan, akiwa katika kampeni huko Hammonton, New Jersey, alimsifu Springsteen kama msanii ambaye nyimbo zake zimebeba ujumbe wa matumaini. Tangu wakati huo, watu wasiohesabika wameuimba wimbo huo huku wakipeperusha bendera, wakinguruma kiitikio na kuzimeza beti.

Wewe unazungumza kana kwamba ugomvi ni kati ya mtunzi na shabiki tu. Umemsahau anayeimbwa. Askari aliyerudi vitani akatelekezwa hana njia ya kutoka ndani ya wimbo na kulalamika kwamba habari zake zimegeuzwa shangwe. Aliyebaki kumsemea ni mtunzi, na wewe sasa unataka mtunzi naye awe shahidi tu, tena shahidi ambaye msikilizaji ana hiari ya kumpuuza.

Jambo hili halijaisha na wala si la Marekani peke yake. Zombie wa The Cranberries, wa mwaka 1994, aliuandika Dolores O'Riordan, mwimbaji wa bendi hiyo ya Ireland, baada ya mabomu ya Warrington, Uingereza, ya mwezi Machi 1993, yaliyotegwa na IRA, kundi la Waireland lenye silaha, na kuua watoto wawili. Mwaka 2023, katika Kombe la Dunia la raga nchini Ufaransa, mashabiki wa Ireland waliuimba viwanjani baada ya ushindi, na huko kwao yakazuka mabishano makali kuhusu kama inafaa au haifai. Kwa kanuni yako, mabishano hayo yangekosa hata mahali pa kuanzia.

Mchangiaji wa pili

Nachangia kwa ufupi. Louie Louie ya The Kingsmen, ya mwaka 1963, iliimbwa kwa matamshi mabovu kiasi kwamba wazazi walishawishika kuwa ndani yake mna matusi, wakapeleka malalamiko serikalini. Shirika la upelelezi la FBI liliichunguza sahani hiyo kwa muda mrefu, likaipiga kwa kasi mbalimbali, na hatimaye likashindwa kusema ni nini kinachoimbwa. Maneno aliyoyaandika Richard Berry yalikuwa ya baharia anayemweleza mhudumu wa baa jinsi anavyomkumbuka mpenzi wake. Kabla hatujagombania haki ya kutafsiri, labda tuhakikishe kwanza kwamba tumesikia.

Mchangiaji wa tatu

Ninaunga mkono hoja ya mleta mada, ila naona nyote mnajadili wimbo kama vile ni shairi lililochapishwa kitabuni. Springsteen aliwahi kuurekodi Born in the U.S.A. mwaka 1982 akiwa peke yake na gitaa, na toleo hilo lilitolewa rasmi mwaka 1998. Habari ni ileile ya yule askari, na sidhani kama kuna mtu anayeweza kulisikiliza toleo hilo akatamani kupeperusha chochote. Kilichobadilika mwaka 1984 ni ngoma nzito kama mizinga na ule mlio wa kinanda cha umeme unaorudi tangu mwanzo hadi mwisho kama tarumbeta. Fahari ambayo watu wameisikia humo haikutoka hewani, kwani imo katika muziki, na muziki huo uliidhinishwa na mtunzi huyohuyo. Mwenye kusikia hasira tupu amesikia nusu, na mwenye kusikia fahari tupu naye amesikia nusu.

Mchangiaji wa nne

Naomba tushuke kutoka kwenye nadharia, kwa sababu swali hili limekwisha kufika mahakamani, na huko matokeo yake ni mazito kuliko ubishi wa mashabiki. Mwaka 1990, huko Reno, Nevada, bendi ya Judas Priest ilishtakiwa na familia za vijana wawili waliojipiga risasi mwezi Desemba 1985. Ilidaiwa kwamba katika wimbo mmoja wa albamu yao ya Stained Class, ya mwaka 1978, mlifichwa amri ya kuwahimiza wafanye hivyo. Mwimbaji Rob Halford alizicheza rekodi za bendi kinyumenyume mbele ya mahakama na kuonyesha kwamba mtu akitaka kusikia sentensi atazisikia, zikiwemo za kipuuzi kabisa. Jaji aliamua kwamba sauti iliyolalamikiwa ilitokana na kugongana kwa sauti nyingine bila mtu kukusudia, na bendi haikupatikana na hatia. Angalieni neno lililowaokoa. Ni kusudio.

Miaka miwili kabla ya hapo, mahakama ya rufaa ya California ilikuwa imeikataa kesi iliyofanana na hiyo dhidi ya Ozzy Osbourne, kuhusu wimbo wake Suicide Solution wa mwaka 1980. Kwa hiyo namuuliza mleta mada: ukiliondoa kusudio la mtunzi kwenye kiti cha hakimu, mwanamuziki atajikinga na nini siku msikilizaji atakapodai kwamba ameambiwa aue au ajiue? Charles Manson, kiongozi wa kundi la wauaji huko Marekani, naye alidai kuusikia utabiri wa vita katika nyimbo za The Beatles za mwaka 1968, na watu wakauawa mwaka 1969. Helter Skelter, ambao aliutumia kuviita vita hivyo, umechukua jina la mnara wa kutelezea katika viwanja vya burudani vya Uingereza.

Mleta mada

Nawashukuru wote, na hasa mchangiaji wa nne, kwa sababu amenibana mahali panapostahili. Jibu langu ni kwamba mahakama haikuwa ikiuliza wimbo una maana gani. Ilikuwa ikiuliza bendi ilifanya nini, na kwa nia gani. Hilo ni suala la dhima, na katika dhima nia ya mtendaji lazima itawale. Ninaweza kuamini kwa dhati kwamba wimbo una maana ambayo mtunzi hakuiwazia, na wakati huohuo nikasema kwamba hawezi kuwajibishwa kwa maana hiyo hata kidogo. Kwa kweli, kadiri ninavyokiri kwamba tafsiri ni yangu, ndivyo ninavyompunguzia yeye mzigo. Waliodai amri zilizofichwa walifanya kinyume chake: walichukua walichokisikia wao wakamwandikia mtunzi kuwa ni chake. Manson naye aliwatwika The Beatles unabii wasioujua.

Kuhusu Suicide Solution, mfano huo una jambo ambalo mchangiaji hakulitaja. Osbourne ameueleza kama onyo juu ya pombe, akimhusisha Bon Scott, mwimbaji wa bendi ya AC/DC, aliyefariki dunia mwezi Februari 1980 baada ya kunywa kupita kiasi. Bob Daisley, aliyeyaandika maneno yenyewe, amesema kwamba aliyekuwa akimfikiria ni Osbourne. Huyu ni mwimbaji, huyu ni mwandishi, na hawakubaliani wimbo unamhusu nani. Tungekuwa tunawategemea wao, tungekwama. Ila mstari wa kwanza unataja mvinyo na wiski, na yeyote asiyeishia kwenye kichwa cha wimbo anaona mara moja kwamba muuaji anayezungumziwa ni chupa. Maneno yenyewe yameutetea wimbo kabla wenyewe hawajafungua kinywa.

Vivyo hivyo kwa Springsteen. Mchangiaji wa kwanza ametueleza habari za yule askari mwanzo hadi mwisho bila kunukuu hata mahojiano mamoja ya mtunzi. Amezipata kwenye beti. Basi anayemlinda askari ni ubeti, na mpeperusha bendera ameshindwa kwa sharti langu, si kwa kauli ya Springsteen. Mchangiaji wa tatu ndiye aliyeniongezea kazi, kwa kuwa niliposema maneno yote ya wimbo nilipaswa kuhesabu na ngoma zake. Nalipokea hilo. Hata tafsiri yangu ya Comfortably Numb ingekuwa dhaifu zaidi bila lile gitaa.

Mchangiaji wa kwanza

Sijaridhika, ndugu yangu. Chukua Every Breath You Take wa The Police, wa mwaka 1983. Sting, mwimbaji na mtunzi wake, amesema mara nyingi kwamba ni wimbo wa ufuatiliaji na umiliki, na beti zinamuunga mkono: mtu anaahidi kuitazama kila hatua ya mwenzake, na mwenzake hapewi hata mstari mmoja wa kujibu. Na bado maharusi wameucheza na wanaendelea kuucheza. Kwa sharti lako, hao wote wamekosea. Uko tayari kulisema hilo?

Mleta mada

Niko tayari, iwapo watadai kwamba ni wimbo wa mapenzi yenye amani. Wengi wao hawadai hivyo. Wamependa mwendo wake, wakautumia. Kuutumia wimbo na kuutafsiri ni vitu viwili, na mimi ninaweka sharti kwa anayetafsiri.

Mchangiaji wa kwanza

Basi niambie wale mashabiki wa Ireland waliokuwa Ufaransa mwaka 2023 walikuwa wanautumia wimbo au wanautafsiri. Wao hawakuishia kwenye kiitikio kama wapeperusha bendera wa Springsteen. Wengi wao beti walizijua, na mabomu ya Warrington waliyajua, na waliimba hivyohivyo.