Tupeane uzoefu: kununua na kuandaa konsoli kabla GTA VI haijatoka

Mwanzisha Uzi

Wakuu, salamu kwenu. GTA VI, gemu mpya ya kampuni ya Rockstar, imeshasogezwa mara mbili. Mwanzo ilikuwa itoke 2025, ikaja 26 Mei 2026, halafu tarehe 6 Novemba 2025 Rockstar wakatangaza 19 Novemba 2026. Konsoli (mashine za gemu) zilizotajwa ni PS5 (PlayStation 5) ya Sony, na Xbox Series X na Series S za Microsoft. PS4 haimo kabisa, na kompyuta haikutajwa. GTA V ilitoka Septemba 2013 enzi za PS3, kwa hiyo kuna kundi kubwa la watu waliotulia na mashine za zamani ambao sasa wanalazimika kuhama. Wengi watakwenda dukani bila kujua wanachopaswa kukagua, na mashine si ya bei ya kukosea.

Naanza na hili la "nisubiri bei ishuke". Zamani lilikuwa na mantiki: PS4 ilianza dola 399 mwaka 2013, toleo jembamba la 2016, Slim, likaja kwa dola 299. Kizazi hiki kimekwenda kinyume. PS5 isiyo na sehemu ya CD ilianza Marekani kwa dola 399.99 mwaka 2020, Slim yake ikaingia kwa 449.99 mwaka 2023, na Agosti 2025 ikapanda hadi 499.99. Xbox nazo zilipanda mara mbili ndani ya 2025. Juu ya hapo, chipu za kumbukumbu zimepanda bei kwa sababu vituo vya data vya akili mnemba vinazigombania. Kwa maoni yangu, mwenye pesa kamili mkononi na aliyepata mashine safi hana faida ya kungoja.

Mwenye ujuzi wa upande wowote aweke hapa: kukagua, akaunti, hifadhi, umeme, bando.

Kariakoo Spea

Mkuu, kabla ya yote mtu aangalie boksi. Tarehe 21 Novemba 2025 Sony walitoa Japani PS5 Digital (isiyo na sehemu ya CD) ya yen 55,000, bei ambayo iko chini sana ya matoleo mengine. Hiyo mashine inazungumza Kijapani tu, na inakubali akaunti za Japani tu. Nintendo walifanya vivyo hivyo na konsoli yao ya Switch 2: kuna toleo la Japani lililoanza kwa yen 49,980, lugha ni Kijapani pekee na akaunti lazima iwe imewekwa Japani. Hakuna mpangilio wa kubadilisha lugha ndani yake, na fundi hawezi "kuifungua" kwa kuweka programu upya.

Mashine za namna hii ndizo zinazovutia mfanyabiashara anayekusanya mzigo wa bei rahisi. Ukiona kwenye boksi maandishi 日本語専用 au 日本語・国内専用, iache hata kama bei inapendeza. Kama boksi halipo, usikubali kuonyeshwa mashine iliyozimwa. Iwashwe, nenda kwenye mipangilio, sehemu ya lugha, uone Kiingereza kipo.

Soma pia namba ya modeli iliyo kwenye mashine yenyewe. PS5 za mwanzo ni CFI-1000 hadi 1200, Slim ni CFI-2000 kwenda juu. Halafu kuna CFI-2116, Digital iliyoingia Ulaya mwaka 2025: umbo ni la Slim lakini hifadhi imerudishwa GB 825 badala ya TB 1. Muuzaji akikwambia "Slim zote ni TB moja", mwonyeshe namba.

Binti wa Muscat

Naongezea upande wa akaunti, maana hapa ndipo watu wanapoteza pesa kimyakimya.

Orodha ya nchi za PlayStation Network (PSN), mtandao wa akaunti na duka la Sony, ina Afrika Kusini na nchi za Ghuba ikiwemo Oman, lakini Tanzania, Kenya na Uganda hazimo. Masharti ya Sony yanataka nchi ya akaunti iwe unakoishi, kwa hiyo mtu wa Dar au Mombasa anayechagua nchi nyingine ajue anafanya nini. Na nchi ya akaunti ya PSN ukishaichagua haibadiliki tena. Ukikosea, dawa ni kufungua akaunti mpya na kuanza moja.

Kadi za zawadi zinafuata nchi ya akaunti. Kadi ya dola za Marekani haiingii kwenye akaunti ya Uingereza. Ndugu yako aliye nje akitaka kukutumia kadi, mwambie nchi ya akaunti yako kwanza, si nchi anayoishi yeye.

Sasa CD. Gemu za PS5 hazifungwi kwa kanda, yaani eneo la dunia, CD ya Ulaya inacheza kwenye mashine ya Marekani bila tatizo. Kinachogoma ni nyongeza za ndani ya gemu: ramani za ziada, sarafu za gemu, pointi za gemu ya soka ya EA Sports FC. Hizo lazima zilingane kati ya CD na akaunti. Ukiweka CD ya Ulaya kisha ukanunua nyongeza kwa akaunti ya Marekani, pesa inakatwa, nyongeza inashuka, gemu haiioni. Njia rahisi ya kutambua ni alama ya umri kwenye kava: kibandiko cha PEGI chenye namba kama 3, 12 au 18 ni Ulaya, kile cheusi na cheupe chenye herufi E, T au M ni Marekani. Angalia pia namba inayoanza na PPSA, kila kanda ina yake.

Fundi Pedi

Dada hapo juu kamaliza, mie naingia kwenye hifadhi.

PS5 ya mwanzo imeandikwa GB 825 lakini nafasi unayoipata ni GB 667. Series S ya GB 512 inakuachia GB 364 tu, gemu tatu kubwa zimejaa. Rockstar hawajali udogo wa hifadhi yako: Red Dead Redemption 2 ya 2018 ilikuja na CD mbili, moja ya kuingiza data na moja ya kuchezea, na ilikula zaidi ya GB 100.

PS5 zote zina nafasi ya SSD ya M.2, kile kibao chembamba cha kuongeza hifadhi. Kinachotakiwa ni aina ya NVMe ya PCIe kizazi cha nne, kati ya GB 250 na TB 8, na Sony wanashauri kasi ya kusoma iwe MB 5,500 kwa sekunde au zaidi. M.2 ya SATA, aina ya zamani, haifanyi kazi ingawa umbo linafanana, na ya kizazi cha tatu itakataliwa. Lazima iwe na kipoozeo, kile kibati chenye mapezi. Jumla ya unene, pamoja na bodi yenyewe, isizidi milimita 11.25: milimita 8 juu ya bodi ya SSD na 2.45 chini yake. Vile vipoozeo vinene vya kompyuta za mezani havitoshi.

Utaratibu wenyewe: sasisha programu ya konsoli kwanza. Zima kabisa, siyo kuilaza. Chomoa nyaya zote na uache ipoe. Gusa chuma chochote kilichokita ardhini uondoe umeme tuli mwilini. Vua kifuniko kwa kukiinua kwenye kona na kukisukuma. Utaona bati refu lililoshikwa na skrubu moja, lifungue kwa bisibisi ndogo ya nyota. Ndani kuna skrubu nyingine yenye kipete chini yake.

Hapo kwenye kipete ndipo makosa yanapofanyika. Kuna matundu yenye namba 110, 80, 60, 42 na 30, ni urefu wa SSD kwa milimita. SSD nyingi za dukani ni 2280, yaani urefu wa milimita 80, kwa hiyo hamishia kipete kwenye tundu la 80. Ukikisahau kwenye 110 na ukakaza SSD bila kitu chini ya ncha yake, bodi inapinda kidogo. Leo itasomeka, mwezi ujao itaanza kupotea katikati ya gemu. Ingiza SSD kwa mshazari hadi zile shaba zimezama, ilaze juu ya kipete, kaza skrubu kwa vidole viwili bila nguvu za mkono mzima. Rudisha bati, maana lenyewe ni sehemu ya njia ya hewa. Ukiwasha, konsoli itaomba kuifomati na itakuonyesha kasi iliyopima. Kasi ikitoka chini mno ya ile iliyoandikwa kwenye boksi, rudisha dukani siku hiyohiyo.

Xbox haina habari ya kufungua: unachomeka kadi maalumu nyuma. Ni rahisi kwa mkono, lakini bei yake haina huruma.

Mwana wa Likoni

Fundi, na wale wenye hadidiski za USB?

Fundi Pedi

Zina kazi nzuri, mkuu, ila si ya kuchezea gemu za PS5. Gemu ya PS5 inahifadhiwa humo tu. Ukitaka kucheza unainakili kurudi ndani. Gemu za PS4 ndizo zinazocheza moja kwa moja kutoka USB. Hadidiski iwe GB 250 hadi TB 8, USB ya kasi ya 3.0 kwenda juu, na uichomeke kwenye konsoli yenyewe bila kupitia kigawanyio. Kunakili GB 100 kutoka USB ni suala la dakika, kushusha upya kwa bando ni suala la siku.

Mwana wa Likoni

Ahsante. Basi nami niweke upande wa stima, huku Pwani ndio unaoua mashine.

PS5 ya mwanzo imeandikwa wati 350, lakini ukicheza gemu nzito inavuta kama wati 200. Series S ni chini ya 100. Kwa hiyo saa tatu za PS5 kwa siku ni kama uniti 0.6 za tokeni, ongeza televisheni. Pawasaplai yake (kifaa cha ndani cha kupokea umeme) inapokea volti 100 hadi 240, hivyo mashine ya Marekani haihitaji transfoma. Badilisha waya tu. Msiichomeke kwenye vile vigeuzi vya plagi vinavyolegea: cheche ndogo kwenye plagi legevu inakula pawasaplai polepole.

UPS (betri ya dharura) ya VA 1000, ambayo nyingi ni wati 600, ikibeba PS5 na televisheni itakupa kama dakika kumi. Zinatosha kuhifadhi gemu na kuzima kwa utaratibu, usitarajie kumaliza mechi. Wa sola wanunue inveta ya wimbi safi, zile za wimbi la ngazi hazipatani vizuri na pawasaplai za namna hii.

Jambo la pili: usiiache mashine kwenye hali ya kulala usiku kucha mahali penye kupotea stima. Ikikatika wakati inaandika sasisho, utawashia kwenye ujumbe wa kurekebisha hifadhi. Ikikwama, zima, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha na ukishikilie hadi usikie mlio wa pili, kama sekunde saba. Unganisha pedi kwa waya, chagua namba 5, kisha kujenga upya hifadhidata. Hiyo haifuti gemu. Usiguse 6 na 7 kwa pupa, hizo ndizo zinazorudisha mashine kwenye hali ya kiwandani na kufuta vilivyomo.

Mama Bando

Hesabu ya bando ndiyo hii. GB 100 kwa kasi ya Mbps 10 ni saa 22 na ushee bila kukatika. Kwa Mbps 20 ni saa 11. CD haikuondolei mzigo wote, kwani sasisho la siku ya kwanza linaweza kuwa kubwa, lakini inapunguza sana.

Kama nyinyi ni wawili au watatu wenye CD za kanda moja, mmoja ashushe sasisho, anakili gemu nzima kwenye hadidiski ya USB, wengine wanakili kutoka hapo na kila mtu aweke CD yake. Ile PPSA lazima ilingane, vinginevyo konsoli itaona ni gemu mbili tofauti.

Na kabla bando halijakata, washa "Console Sharing and Offline Play" kwenye akaunti yako. Bila hiyo, gemu ulizonunua dukani mwa PlayStation zitakuonyesha kufuli siku huna mtandao. Ni konsoli moja tu kwa akaunti, kwa hiyo mkiuziana mashine, mwenye wa zamani azime kwanza mpangilio huo.

Kijana wa Joy-Con

Kwa wanaofikiria Switch 2 iliyotoka 5 Juni 2025: hifadhi ni GB 256, na kadi ya kuongezea lazima iwe microSD Express. Kadi ya kawaida uliyokuwa nayo kwenye Switch ya kwanza itasoma picha na video tu. Chaja ya Switch ya kwanza itaichaji, lakini haitaipeleka kwenye televisheni. Doki, kile kikalio cha kuunganisha na televisheni, inataka chaja ya wati 60. Halafu kuna vikadi vya gemu vyenye alama ya ufunguo kwenye kava. Ndani yake hamna gemu, kuna ruhusa ya kuishusha tu. Kwa mtu wa bando hilo ni jambo zito, soma kava kabla ya kulipa.

Digital Tu

Wakuu, mbona mnasisitiza CD? Digital ni nafuu, na Slim unaweza kuongeza sehemu ya CD baadaye.

Kariakoo Spea

Unaweza, lakini jumlisha. Sehemu ya CD ilitangazwa kwa dola 79.99, kwa hiyo unafuu wote unaishia hapo, na huku bei huwa juu zaidi. Gemu ya CD unaweza kuazimana, kubadilishana au kuiuza ukiimaliza. Ya dukani mwa PlayStation inafia kwenye akaunti.

Ukiamua njia hiyo, nunua sehemu ya CD ya Slim au Pro. PS5 za mwanzo hazikubali. Siku ya kuifunga uwe na intaneti, kwa sababu konsoli inaisajili kwa Sony mara moja kabla ya kusoma CD yoyote. Ukiirudisha mashine kwenye hali ya kiwandani, itataka kusajiliwa tena. Ukinunua Slim ya mtumba yenye CD, ijaribu kwa CD yako mwenyewe hapo hapo kaunta, hadi gemu ifunguke kwenye menyu. Kuona taa na kusikia ikizunguka hakutoshi.

Digital Tu

Nimeelewa, mkuu. Na PS5 Pro?

Kariakoo Spea

Pro ilitoka Novemba 2024 ikiwa na TB 2, na haina sehemu ya CD tangu boksini. Yote niliyosema hapo juu yanaihusu.