Nimekabidhiwa vijana 22 wa kanisa na mfuko wa vifaa vya softiboli. Nianzie wapi?

Mlezi_Vijana
Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Mimi ni mlezi wa vijana kanisani. Ninao 22, wa miaka 11 hadi 15, wavulana na wasichana pamoja. Kamati imetuletea vifaa vya softiboli: magongo 4, glavu 12, kofia ngumu 4 na mipira. Tumepangiwa kucheza kila Jumamosi baada ya somo la Biblia, kwa wiki 8. Mimi maisha yangu yote nimecheza netiboli tu.

Jumamosi ya kwanza niligawa timu mbili tukaanza mechi moja kwa moja. Kwa dakika 40 mpira ulipigwa mara 3. Waliokuwa mbali na mrushaji walikaa kwenye majani wakaanza kusukana nywele. Mpira ulipopigwa, wote walinzi 9 waliukimbilia, besi (vituo ambavyo mkimbiaji hupitia) zikabaki bila mtu. Na kuna binti mmoja wa miaka 12. Alikosa mara tatu, akalaza gongo chini taratibu, akaenda kukaa nyuma ya ukuta wa kanisa. Hakulia. Tulipokusanyika kwa sala ya kufunga, hakuja. Huyo ndiye ananikosesha usingizi.

Basi naomba mnisaidie, nianze kuwafundisha nini? Pia kuna jambo linatuchanganya sana: mara mkimbiaji hatoki mpaka aguswe na mpira, mara mlinzi anakanyaga besi tu na mtu ametolewa. Kanuni ni ipi?

KochaMama
Amina, mlezi. Nimefundisha vijana mchezo huu miaka 9, na kila anayeanza na mechi hukutana na hayo hayo. Softiboli si kandanda, kwamba ukitupa mpira katikati kila mtu anapata kazi. Mpira usiporushwa vizuri hakuna kinachotokea, usipodakwa hatolewi mtu. Kwa hiyo Jumamosi ijayo magongo yabaki mfukoni. Wataguna. Waache wagune.

Wapange wawili wawili, hatua tano kati yao. Glavu huvaliwa mkono usiorusha. Wapitie mmoja mmoja maana wengi wataivaa kinyume. Glavu 12 zinatosha jozi 6, hao wengine watumie mpira wa tenisi kwa mikono mitupu, kisha mbadilishane. Mpira ukija juu ya kiuno vidole vitazame juu, ukija chini ya kiuno vitazame chini, na mkono wa pili uufunike mara unapoingia. Anayerusha kwa mkono wa kulia hutanguliza mguu wa kushoto. Hilo peke yake litabadilisha nusu ya kundi lako. Mpira wa kubiringika, magoti yakunjwe na glavu iguse ardhi kabla mpira haujafika. Watoto huinamisha mgongo badala ya kukunja magoti, na mpira unapita katikati ya miguu yao.

Sasa huyo binti. Usimsimamishe tena mbele ya mrushaji kwa sasa. Tafuta kigingi cha urefu wa kiuno chake, weka mpira juu yake, apige mpira uliotulia. Kama anatumia mkono wa kulia, wa kushoto ushike chini kwenye gongo na wa kulia juu yake, ikigusana. Akishazoea, piga goti hatua chache mbele yake, pembeni kidogo, umrushie taratibu kutoka chini. Hesabu ya straiki tatu, yaani kutolewa ukikosa mara tatu, ifute mpaka wiki ya nne. Hiyo ni kanuni ya mashindano, na huyu bado anajifunza kuushika mchezo.

Jambo moja silegezi: anayepiga avae kofia, na gongo alitue chini kabla ya kukimbia. Niliwahi kuona gongo lililotupwa nyuma likimpata mtoto aliyekuwa akingoja zamu yake. Tangu siku hiyo nachora mstari, na asiyepiga hauvuki.

Besi_ya_Pili
Mlezi, nijibu hilo la kugusa na kukanyaga. Mimi hujiuliza swali moja: mkimbiaji ana pa kurudi?

Mpigaji akishapiga mpira halali hana pa kurudi, lazima aende besi ya kwanza. Kama hapo yupo mwenzake, naye anasukumwa kwenda ya pili, maana besi moja haikai watu wawili. Aliyesukumwa hivyo hutolewa kwa mlinzi mwenye mpira kukanyaga besi anayoiendea. Lakini aliye besi ya pili huku ya kwanza ikiwa tupu anaweza kubaki alipo. Akiamua kukimbia, sharti aguswe kwa mpira au kwa glavu yenye mpira ndani. Mpira ukidakwa hewani, mpigaji ametolewa, msukumo umekwisha, na walioondoka warudi kugusa besi zao kwanza.

Usiwaeleze kwa mdomo tu. Simamisha watoto kwenye besi, biringisha mpira kwa mkono, sema "Simama!", kila mmoja ajibu kama ana pa kurudi au hana. Dakika 15 zinatosha. Na waambie kwamba besi ya kwanza mpigaji anaweza kuipita kwa mbio bila kutolewa, mradi asigeuke kuelekea ya pili. Ya pili na ya tatu akizipita, anaguswa.

MzeeWaVijana
Kama kuna mtu kwenye kamati anauliza mchezo huu unahusu nini na huduma ya vijana, mwambie jina lenyewe la softiboli lilipendekezwa mwaka 1926 na Walter Hakanson, mtu wa YMCA, chama cha vijana wa Kikristo. Mchezo ulianza Chicago mwaka 1887, ndani ya ukumbi, kwa glavu ya ndondi iliyofungwa ikawa mpira na mpini wa fagio. Kwa hiyo glavu 12 zisikutie unyonge.

Sisi tunacheza bila mwamuzi. Aliyeguswa hujisema mwenyewe. Mwanzoni walibishana mpaka nikataka kuacha. Kisha siku moja mvulana ambaye timu yake ilikuwa nyuma kwa mkimbio mmoja, yaani pointi moja, aliinua mkono akasema, "Nimeguswa." Hakuna mwingine aliyekuwa ameona.

Mlezi_Vijana
Mungu awabariki. Jumamosi mbili zimepita nikaona nirudi kuwaambia.

Ya kwanza ilikuwa kurusha na kudaka tu. Waliguna kweli, lakini hakuna aliyekaa kwenye majani. Jana tuliweka kigingi. Nilimwita yule binti tukiwa wawili, kabla wenzake hawajatoka kwenye somo. Akakosa, akakosa, akagonga kigingi chenyewe. Sikumbuki ilikuwa mara ya ngapi alipoupiga, mpira ukabiringika mbali kunipita. Wenzake walikuwa wamefika mlangoni, wakapiga kelele, "Kimbia!" Alikimbia kuelekea besi ya tatu. Wakamkimbilia, wakamshika mkono, wakamzungusha hadi ya kwanza. Kwenye sala ya kufunga alisimama karibu nami.

Sasa nataka mrushaji. Nimchague vipi, na asimame umbali gani?

KochaMama
Usichague bado. Weka ndoo chini, kila anayetaka arushe mipira 10 kutoka chini ya mkono, mkono upite karibu na paja. Kwa wanawake wakubwa umbali ni mita 13.11, wako waanze mita 8, uwarudishe nyuma kidogo kidogo. Na yule binti naye mpe mipira yake 10.