LASIK kwa vijana wa Goma: tuwaelekeze au tuwazuie?

Fundi wa lineti (miwani), Birere:
Naleta hoja. Kijana akituuliza habari ya kuvuka mpaka kwenda kupigwa leza ya macho ili aache lineti, tumkatalie. Nguvu ya konea, kioo cha mbele cha jicho, iko mbele: nyuzi za stroma, yaani tabaka lake nene la kati, zimesukana kwa kubana zaidi kwenye sehemu yake ya mbele, karibu 40% ya unene. LASIK inakata hapohapo: inafunua kifuniko chembamba cha konea, kisha leza inachonga kilicho chini yake. Kifuniko kinarudishwa, lakini hakiungani tena vizuri na kitanda chake, yaani konea iliyobaki chini, kinashika hasa ukingoni. Kuna waliopigwa jichoni miaka mingi baadaye, kifuniko kikahama. Sasa fikiria motari wa hapa, dereva wa pikipiki, akianguka kwenye makoro, mawe ya volkano.

Muuguzi wa macho, Himbi:
Kaka, usihukumu bila hesabu. Chukua konea yenye unene wa mikroni 520 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) na miopia, yaani kutoona mbali, ya -6. Kifuniko 110. Leza inakula takriban mikroni 15 kwa kila diopta (kipimo cha namba ya lineti), ukitumia eneo la milimita 6 pamoja na ukingo wake, kwa hiyo 90. Kitanda kinabaki 320, juu ya kiwango cha chini cha 250 na hata cha 300 wanachotaka waangalifu. Huyo unamkatalia kwa nini?

Fundi wa lineti, Birere:
Mpe -8, dada.

Muuguzi wa macho, Himbi:
Leza 120, kitanda 290.

Daktari wa macho, Bukavu:
Na hapo ndipo 250 inapodanganya. Jumlisheni kifuniko na leza: 230 kati ya 520, zaidi ya 44% ya konea imeguswa. Kuanzia 40% hatari ya ektasia inapanda, yaani konea kulegea na kuchomoza mbele, hata kama ramani ya mwanzo ya umbo la konea ilikuwa safi. Huyo wa -6 yuko 38%, karibu mno na mpaka. Na msisahau kwamba kisu cha mashine ya zamani huweza kukata 150 pale kilipopangiwa 130. Leza ya femtosekunde, inayokata kifuniko bila kisu, inatofautiana kidogo tu.

Muuguzi wa macho, Himbi:
Docta, basi afanyiwe PRK, leza ya juu ya konea. Haina kifuniko: ngozi ya juu, mikroni 50 hivi, inakwanguliwa na kuota tena. Kwa -8 ni 170, chini ya 33%.

Daktari wa macho, Bukavu:
Kwa nguvu ya konea, nakubali. Lakini maumivu ni siku 3 hadi 5, na leza ikienda kina hivyo ukungu hujitokeza kwenye konea. Wanapaka dawa ya mitomisini 0.02% kuuzuia, kisha mgonjwa anatumia matone ya steroidi kwa wiki nyingi, presha ya jicho ikipimwa. Akirudi nyumbani, nani anampima? Tena tonometa, kipima presha ya jicho, itasoma chini ya ukweli kwa sababu konea imekonda. Glakoma, ugonjwa unaoua neva ya jicho, inaweza kupita hivihivi. SMILE nayo, leza inayochonga kipande ndani ya konea na kukitoa, inakata mlango mdogo wa milimita 2 hadi 4, ila ektasia imeonekana hata huko.

Kinachonitisha zaidi si unene. Ni watoto wetu wenye mzio wa macho wanaoyafikicha tangu utotoni, vumbi likiongeza. Konea ya 540 ikiwa imechongoka upande wa chini ni keratokoni inayoanza, ugonjwa wa konea kukonda na kuchongoka. Huyo haguswi na LASIK. Akiguswa, kinachobaki ni kuikaza kwa riboflavini (vitamini B2) na mwanga wa UV-A, na utaratibu wa kawaida unataka angalau mikroni 400.

Fundi wa lineti, Birere:
Basi nabadili hoja: hakuna barua ya kumtuma bila ramani ya konea, mbele na nyuma, lenzi laini zikiwa zimevuliwa wiki 2 kabla. Miaka 21 na kuendelea, namba isiyosogea zaidi ya 0.5 kwa mwaka. Na arudi na karatasi yenye unene na presha za kabla ya upasuaji.

Muuguzi wa macho, Himbi:
Na yule wa -8?

Fundi wa lineti, Birere:
Avae lineti.

Daktari wa macho, Bukavu:
Au aulizie lenzi ya kupandikizwa ndani ya jicho. Hiyo haipunguzi konea, lakini ina hesabu zake: nafasi iliyo nyuma ya konea, na hatari ya mtoto wa jicho.