Uwanja wetu kujengwa maduka ya ghorofa: watu wa Ng'ambo, mjini Unguja, mnasemaje?

UwanjaMkavu
Assalaam alaykum. Jana baada ya alasiri vijana wamekwenda kucheza mpira wakakuta vigingi vimepigwa uwanja mzima, vimepakwa rangi nyekundu, na mtu kasimama na ile darubini ya kupimia. Kuuliza, "mradi." Maduka ghorofa mbili, chini maegesho ya gari, pembeni "eneo la kijani", ambalo kwenye mchoro ni miti minne. Sheha, kiongozi wetu wa mtaa, anasema na yeye kaletewa barua tu. Diwani simu hapokei. Uwanja ule watoto wanacheza, Idi tunasali, na msiba ukitokea ndipo panapofungwa turubai, maana vichochoro vyetu watu wawili wakipishana mmoja lazima ageuke ubavu. Swali langu ni moja: mpango wa namna hii waletewe wananchi kabla ya vigingi, au baada? Tujadili kistaarabu tafadhali.

FundiChemba
Kabla. Hilo halina mjadala. Ila mie nauliza maji. Masika maji yote ya mtaa wa juu yanashukia hapo uwanjani, yanalala siku mbili tatu, ardhi inayanywa. Ukipiga zege, yatalala wapi? Vyumbani mwetu. Tazameni Mnazi Mmoja: ilikuwa pwani, ikafukiwa wakati wa Mwingereza, na hadi leo bamvua kubwa likija maji yanarudi kwao. Mwenye mchoro wa mitaro ya huo mradi auweke hapa tuuone.

BintiShangani
Poleni, lakini tuambiane ukweli. Ng'ambo hakukupangwa. Watu walijibandika tu, huyu hapa, yule pale, leo mnalilia kiwanja cha vumbi. Serikali ikileta maendeleo nyie mnaleta turubai la msiba.

MzeeWaDhumna
Wewe binti, adabu! Walijibandika nani? Babu yangu alikuwa akilipa kodi ya ardhi kila mwezi kwa bwana mwenye kiwanja, kibanda chake, ardhi si yake. Mwaka 1928 watu wa Ng'ambo waligoma kulipa hiyo kodi, wenzao walipofungwa wakaenda jela kuwatoa. Watu waliojibandika hawagomei kodi, yakhe. Soma kwanza.

MchoraRamani
Na kupangwa kulipangwa, sana tu. Mwaka 1923 kuna Mwingereza alitoa mpango wa mji mzima. Mwaka 1958 akaja mwengine. Baada ya Mapinduzi Wajerumani Mashariki, halafu Wachina. Jina la huyo wa kwanza limenitoka.

Kibarazani
Lanchester. Wa pili Kendall. Mjerumani ni Scholz, mwaka 1968. Wachina 1982. Mipango minne, na mtaani kwetu mpaka leo gari ya zimamoto haiingii.

BintiShangani
Ahsante Kibarazani, umenisaidia. Mipango minne na hakuna kilichopangika. Ndicho nilichosema.

MzeeWaDhumna
Kilichopangika kipo! Nenda Michenzani kwenye majumba ya ghorofa, kasimame kwenye raundi abauti uangalie pande zote nne. Nani kajenga? Mzee Karume. Watu walitolewa kwenye vibanda vya udongo wakapewa fleti zenye umeme na choo ndani, bila senti tano. Huko Shangani kwenu, Mji Mkongwe, jumba la Beit al Ajaib limeanguka mchana kweupe mwaka 2020, na urithi wa dunia wa Unesco mnao tangu 2000. Sasa nani hajajipanga?

BintiShangani
Ahaa, Michenzani! Yale majumba watu wanafuga kuku kwenye baraza za ghorofa ya nne? Mzee usinichekeshe na mwezi huu wa toba.

JumbaNambaTano
Mimi ni mkaazi wa Michenzani na sijawahi kufuga kuku. Jirani anafuga, namjua, ni watatu tu. Lakini nani kakwambia kuku ndio tatizo? Tatizo ni maji hayapandi juu. Mama yangu mtu mzima, ana sukari, kila siku tunamlipa kijana apandishe madumu ngazi zote zile. Ukitaka kucheka njoo ubebe wewe dumu moja mpaka kwetu, halafu ucheke ukifika.

MamaMandazi
Kuku watatu, jogoo yupo? Naulizia tu.

JumbaNambaTano
Jogoo ndiye anayetuamsha alfajiri. Tumuache kwanza.

KijanaWaWete
Kila siku Michenzani, Michenzani, utasema Zanzibar ni Unguja peke yake. Hata sisi Wete tunazo nyumba za maendeleo, pale Mtemani, na Chake zipo. Hakuna anayezitaja. Mradi ukiwa wa Mjini mnagombana kurasa kumi, ukiwa wa Pemba mnasema "mwanzo mzuri".

MchoraRamani
Mwanzo mzuri 😂

FundiChemba
Jamani, mchoro wa mitaro.

MwenyeHoja
Narudi kwenye mada kidogo. Kisheria tusijidanganye. Ardhi yote Zanzibar ni ya umma, iko chini ya Rais, sheria ya ardhi ya 1992 imesema hivyo. Mwenye nyumba ana haki ya kutumia tu, sembuse uwanja usio na hati. Na sheria ya mipango miji tunayotumia mizizi yake ni dikrii, yaani sheria, ya Mwingereza ya 1955, na enzi zile hapakuwa na habari ya kumuuliza mtu wa Ng'ambo anataka nini. Kwa hiyo anayesema "uwanja wetu", wetu kwa karatasi gani?

UwanjaMkavu
Kwa karatasi gani? Kwa miguu! Miaka yote hiyo nani amekuwa akiufagia? Nani alinunua nguzo za magoli? Wewe Mwenye Hoja unakaa wapi, kama si siri?

MwenyeHoja
Nakaa Fumba, na hilo halihusiani.

MzeeWaDhumna
Linahusiana! Huko Fumba mmeuziwa mji wenye bustani tayari, watoto wenu wana pa kuchezea. Halafu anakuja hapa kutusomesha dikrii.

MchoraRamani
Mwenye Hoja kasema kweli kuhusu ardhi lakini kaacha nusu. Ardhi ya umma maana yake umma uulizwe. Kulikuwa na kazi nzuri ya kupanga mji, Ng'ambo Tuitakayo, watu walikaa na ramani, wakaonyesha wenyewe wapi mtoto anacheza, wapi maskani, wapi mitaro inaziba. Mie binafsi naamini viwanja vyetu vya wazi ni vya mwisho mwisho, na duka unaweza kulijenga juu ya duka jengine, ila uwanja huwezi kuujenga juu ya uwanja. Kama ule mchoro wa vigingi haukuanzia kwenye ramani zile, umeanzia kwa nani? Hilo ndilo la kumuuliza diwani akipokea simu.

BintiShangani
Hoja nzuri, ila bado hamjanijibu kuhusu kuku.

Kibarazani
Binti, huko kwenu kuna paka wangapi? Tuanzie hapo.

BintiShangani
Paka wa Mji Mkongwe ni utalii. Wanapigwa picha.

JumbaNambaTano
Basi njoo umpige picha jogoo.

UwanjaMkavu
Wallahi nyie watu. Wiki ijayo wanaanza kuchimba, mnajadili paka na kuku. Nimeambiwa Jumapili kuna kikao skuli, saa kumi. Tunakwenda kusema nini?

MamaMandazi
Mie nitakuja. Lakini niulize bila ya kugombezwa: hiyo milango ya maduka, itakuwa mingapi? Maana Darajani kodi siiwezi, na kama pana nafasi karibu na nyumbani, mtu unasogeza meza yako ya mandazi ndani, mvua haikupati.

FundiChemba
Mvua haitakupata juu. Itakupata chini, mama. Mitaro!

KijanaWaWete
Fomu zinachukuliwa wapi? Kuna jamaa yangu anataka mlango mmoja.

UwanjaMkavu
Fomu za nini? Nani kakubali pajengwe?

MzeeWaDhumna
Hakuna aliyekubali. Lakini kama fomu zipo, isiwe zinagaiwa Wete kabla ya sisi tuliozaliwa hapa. Sheha wetu yumo humu? Aseme, wazee tunaandikishwa wapi.